Mpe Simu Nesi

Kwetu Tunduma, mtoto akipata chuo, anayeanza masomo ni mama yake. Binti yetu alipochaguliwa kwenda chuo kimoja cha Dodoma, hata begi alikuwa hajafunga, lakini mke wangu alishajua bumu linatoka lini, sapu inafanywaje na mtu anadisko kwa makosa gani. Fomu za Bodi ya Mikopo, ile iliyoanza kazi mwaka 2005 binti huyu akiwa bado mgongoni, alizijaza yeye. Mihuri ya serikali ya mtaa aliifuata yeye. Bima ya afya ya mwanafunzi, shilingi 50,400 kwa mwaka, aliilipia yeye (kwa hela yangu), na namba ya kadi anaitaja kwa kichwa mpaka leo, wakati namba yangu ya simu huitafuta kwanza kwenye simu yake.

Mimi ni wakala wa forodha. Kazi yangu ni kuvusha mali za watu: shaba ya Zambia na Kongo inayoteremka bandarini Dar es Salaam, na mafuta na mbolea zinazopanda. Tangu kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kizinduliwe mwaka 2019, lori halikaguliwi tena huku kisha kule. Linasimama upande mmoja, maofisa wa nchi zote mbili wanamalizana nalo papo hapo. Binti yetu maendeleo hayo hayajamfikia. Yeye bado anakaguliwa upande wa baba na upande wa mama, na upande wa mama una mama wadogo wanne wenye vifurushi vya dakika visivyoisha.

Mambo yalianzia kwenye kichwa. Jioni moja alipiga simu kuomba hela ya kudurufu makabrasha, akaagana nasi vizuri, halafu akaongeza kwa bahati mbaya: "Kichwa tu ndiyo kinaniuma kidogo." Sijamaliza kikombe changu cha chai, majibu ya vipimo yakawa yamesharudi. Mama mdogo wa Mlowo alisema malaria. Wa Vwawa alisema taifodi, tena ile sugu. Jirani yetu anayeuza vitenge alisema kuna mtu hakufurahi mtoto huyu kwenda chuo, na akatazama nyumba ya pili. Mke wangu mwenyewe aliyatuhumu maji ya Dodoma, kwamba yana chumvi na damu yetu ya milimani haijayazoea. Mimi nilisema pengine ni usingizi. Nikaambiwa nirudi kwenye malori yangu.

Kesho yake binti alikwenda zahanati, na mama yake naye akawa huko, kwa njia ya simu.

"Mpe simu nesi."

Ikaja sauti ya kijana. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyo mtoto mmempima?"

"Mtoto yupi, mama? Hapa hatuna mtoto."

"Huyo aliyekupa simu."

"Huyu dada? Huyu ana miaka ishirini na miwili."

"Huyo huyo. Vidonge vikubwa vinamshinda, mvunjie katikati."

Pakawa kimya. Kijana akaeleza kwa adabu kwamba hata yeye ni mwanafunzi wa uuguzi, yupo pale kwa mafunzo ya vitendo. Kwamba malaria haikuonekana, na mgonjwa anywe maji, apate usingizi. Usingizi! Nilikohoa ili nikumbukwe. Hakuna aliyegeuka. Mke wangu alikuwa ameshahamia kwenye suala jingine: "Na wewe umekunywa chai?" Kijana akasema bado. Kuanzia hapo tukawa na watoto wawili Dodoma.

Nilikuwa nasoma sekondari ya bweni miaka ya barua. Baba yangu alikuwa anatumia sanduku la posta la parokia, na barua ilikaa pale mpaka apatikane mtu wa kwenda mjini. Mwaka mmoja niliugua nikalazwa. Barua yake ya kunipa pole ilinikuta uwanjani nacheza namba tisa. Baba aliishi muda mrefu, na presha hakuwahi kuijua. Sisi tuna simu, na mwaka 2008 M-Pesa ilipoingia nchini tulidhani imekuja kurahisisha biashara. Kumbe ilikuwa inawasubiri wanachuo. Siku hizi hata salamu inakuja na makadirio: "Baba, shikamoo, naomba ishirini, na ya kutolea."

Simu zenyewe hapa mpakani zina tabia zao. Zambia wako nyuma yetu kwa saa nzima, na minara ya Nakonde haijui mwisho wa nchi. Ukilala na simu upande wa pili wa kitanda unaweza kuamkia ugenini, saa imejirudisha yenyewe. Wakati wa mitihani ya mwisho wa muhula mke wangu aliahidi kumwamsha mtoto saa kumi na moja alfajiri, kwani "alamu haina uchungu". Akapiga saa kumi na moja kamili ya Zambia. Haikupokelewa. Akapiga tena na tena, akaamsha mama wadogo wote, nao wakapiga. Binti alikuwa ameamshwa zamani na alamu isiyo na uchungu, yuko maktaba anapitia madaftari, simu ipo chumbani chini ya mto. Aliyepokea hatimaye ni mwenzake wa chumba, ambaye mtihani wake ulikuwa wa mchana, na aliyeombewa sala ndefu kabla hajapata nafasi ya kusema yeye siye.

Hata matapeli hawatuwezi. Wazazi wengi wameshapigiwa ile simu ya "mimi ni mwalimu, mwanao ameanguka ghafla, tuma hela ya dawa haraka." Ya kwetu ilikuja mchana wa soko. Mke wangu alitetemeka, akakaa chini, kisha akaanza. Ameanguka akiwa amekula nini? Kaangukia upande gani? Amelazwa wodi ya ngapi, nani kakaa naye, na shuka ni la hospitali au kalitoa chumbani? Dawa hiyo ni ya maji au ya vidonge, maana vikubwa vinamshinda? Yule bwana alijitahidi, lazima nimpe haki yake, alifika mpaka kwenye shuka. Baadaye akasema, "Mama, basi, ameshapona," akakata. Mke wangu akapiga simu kwa nesi wetu, akahakikishiwa mtoto ni mzima, akashusha pumzi. Kisha akampigia tena yule tapeli kumshukuru kwa taarifa. Mpaka leo hapokei.

Sasa ndoo. Mzigo wa mtoto wa chuo hauendi posta, unapanda basi la alfajiri. Ndani ya ndoo ya lita ishirini mke wangu hupanga mchele wa Kamsamba, maharage, karanga zilizokaangwa, unga, na juu kabisa maparachichi yaliyofungwa kwenye magazeti kama vichanga. Kimondo cha Mbozi kina zaidi ya tani 10 na kilifika pale Ndolezi bila konda wala risiti. Ndoo hii haina ujasiri huo. Hufungwa kwa kamba, huandikwa jina kwa maka peni pande zote nne, na konda huachwa na nauli ya mzigo, namba ya kupiga na mawaidha. Halafu inaanza safari ya Mbeya, Makambako, Iringa, Mtera, na sisi tunaifuata kwa simu kila kituo.

Namba iliyoandikwa ilikuwa ya mke wangu mwenyewe. Sababu yake ilikuwa nzito: mtoto hapokei simu akiwa darasani. Basi usiku konda akapiga kutoka stendi ya Nanenane, Dodoma: "Mama, mzigo wako umefika, njoo uchukue."

"Nakuja," akasema mke wangu, akatafuta kandambili.

Nilimkumbusha tuko Tunduma. Akanitazama kama mimi ndiye niliyeweka mji huu mbali. Binti hapokei. Konda anataka kufunga buti. Maparachichi yanaiva. Akampigia nani? Nesi. Kijana wa watu alitoka zamu, akapanda bodaboda mpaka stendi, akaibeba ndoo mapajani mpaka hosteli, akaikabidhi mlangoni kwa mlinzi. Ndoo iliyofuata ilikuwa na fungu lake, limefungwa peke yake. Iliyofuata hiyo iliandikwa namba yake.

Hapo ndipo lilipotokea suala la mkono. Mke wangu hutazama stetasi za binti yetu jinsi maofisa wetu wanavyotazama kontena lenye lakiri iliyolegea. Jumapili moja ikapandishwa picha ya chipsi mayai. Sahani moja, soda mbili, na pembeni mwa picha, mkono. Wa kiume, una saa. Aliukuza mpaka ukawa vijiraba vya rangi, akanionyesha, akauliza kama nauona. Nikasema naona soda. Huwa hanishirikishi tena kwenye upelelezi.

Alimpigia mtu anayemwamini. "Mwanangu, wewe uko huko huko. Nakutumia picha. Nichunguzie huu mkono ni wa nani, una nia gani na mtoto wangu."

Kijana alikaa kimya kwa muda ambao hata mimi, nikiwa chumba cha pili, niliuhesabu. "Sawa, mama. Nitafuatilia."

Ripoti ilikuja baada ya siku chache, fupi, imepangwa vizuri. Mkono huo ni wa mtu mwenye heshima. Anasali. Hanywi. Anawaheshimu sana wazazi wa dada. Mke wangu akafurahi, akamwambia endelea kumwangalia kwa karibu, usimwachie hata siku moja.

Chuo kilipofungwa, nesi akaomba kuja kutusalimia. Mke wangu alichinja kuku kabla basi halijapita Mlowo. Akashuka kijana mrefu, kashika ndoo yetu, imeoshwa, na kwa kuwa chombo hakirudi kitupu, imejaa zabibu za Dodoma. Binti yetu, aliyeshuka kwa mlango ule ule, akajishughulisha sana na zipu ya begi. Kijana akainama kuamkia, akanyoosha mikono miwili kukabidhi ndoo, na shati likapanda.

Mke wangu akaitazama ile saa. Akaitazama tena. Mimi nilipokea ndoo, mtu lazima apokee.

"Una miaka mingapi?" akamuuliza.

"Ishirini na minne, mama."

"Bado mtoto," akasema, akatoa simu yake kwenye kanga. "Nipe namba ya mama yako."