Mikungu 17 ya Mama Mdogo

Mama mdogo wangu anaishi Katumba, anauza ndizi, na duniani haamini kitu kama anavyoamini meseji. Mimi nina chumba Tukuyu mjini, laptopu moja, na cheo nilichojipa mwenyewe cha fundi wa tovuti za WordPress. Nikamtengenezea tovuti. Mteja wa Dar es Salaam abonyeze kiungo, meseji iingie kwenye kitochi cha mama mdogo, mkungu ukatwe, upande basi.

Kazi ya mistari 6, nilijiambia. Anwani ya ukurasa inaishia na ?agiza=mkungu. Hicho kinachofuata alama ya kuuliza ndicho parameta, ujumbe uliobandikwa mgongoni mwa anwani. Ili WordPress ifanye jambo ikiuona, unatundika kazi yako kwenye kulabu. Kwa watu wa kwetu Rungwe nitaeleza hivi: kulabu ni honi ya lori la majani ya chai. Lori likifika bandani linapiga honi, na waliosema "tuite" wanatoka na vikapu. WordPress inapiga honi nyingi, kila moja ina jina lake. Mimi nikaandika add_action, nikajiandikisha kwenye honi iitwayo init.

Sasa init haichagui. Hupigwa kila ukurasa unapofunguliwa, uwe umefunguliwa na mteja, na mpita njia au na mashine. Na agizo langu lilikuwa fupi kama la jeshini: ukiona neno "agiza", tuma meseji. Sikusema uulize nani, wala ni mara ya ngapi.

Mteja wa kwanza alikuwa shemeji yangu wa Tabata. Alitaka mkungu 1. Akabonyeza, ukurasa ukabaki mweupe, maana ulikuwa unasubiri meseji itoke. Akaufungua upya mara 4. Hapo ni mikungu 5. Kwa furaha akanakili anwani, pamoja na mkia wake wote, akaibandika kwenye grupu la ukoo la WhatsApp: "Kijana wetu katisha!" WhatsApp nayo, kabla hajatuma, ikachungulia ukurasa ili ionyeshe kapicha. Wa 6. Ndugu 9 wakabonyeza kuona kijana alivyotisha. Mimi nilipoambiwa kuna tatizo, nikaufungua mara 2 kuhakikisha kama kweli lipo.

Lilikuwepo. Nilimkuta mama mdogo shambani, mvua inamwagika, kanga imemganda mabegani, panga mkononi, mikungu 17 imelala kwenye matope.

"Baba, Dar kuna msiba gani?"

Nilijifariji kwa habari ya mwaka 2005. Google walitoa programu ya kuharakisha intaneti, ikawa inafungua viungo kabla mwenyewe hajavigusa, hata vile vya kufuta. Watu wakakuta kazi zao zimefutika. Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama hao Google nao walikula ndizi wiki nzima.

Sisi tulikula. Asubuhi mbalaga ya ndizi, jioni mbalaga.

Nikarekebisha. Agizo likawa fomu inayotumwa kwa POST, yaani kwa kubonyeza kitufe cha kutuma na si kwa kufungua anwani tu, ikiwa na nonce, alama ya kuthibitisha imetoka kwetu, na likishapokelewa mteja anahamishiwa ukurasa mwingine, hivyo akiufungua upya haagizi tena. Lakini kisehemu cha jina la mteja, kwa kutaka ufundi uonekane, nikakiita "name". Kumbe WordPress imejiwekea neno hilo: ikiliona, inadhani unatafuta makala yenye jina lililoandikwa humo. Shemeji akaandika jina lake, akajibiwa kwamba ukurasa haupatikani. Usiku kucha nilisaka kosa kwenye kila kulabu. Alfajiri nikafuta "name", nikaandika "jina", ikakubali. Ningeandika Kiswahili tangu mwanzo, ningelala.

Meseji iliyofuata ilikuwa ya mkungu 1. Mama mdogo aliisoma mara mbili, akampigia mteja simu, akamuuliza hali, akamuuliza kama ni mmoja tu, akamwomba arudie. Ndipo akanyanyua panga.