Jinsi ya Kushinda Ubishi wa Safari Rally Ukiwa Kolwezi

Kwanza jua mnabishania nini. Wapenzi wengi wa mbio za magari huingia kwenye ubishi huu kwa sababu ya dereva wanayempenda, wakapiga meza hadi chupa zikaanguka, na jioni ikaisha bila mtu kujua swali lilikuwa lipi. Swali ni moja: gari liundwe ling'ae kwenye kipande kifupi, au liundwe lifike Jumapili, siku ya kumaliza? Springi, upepo wa tairi, uzito, urefu wa gari kutoka ardhini, vyote vinatokana na jibu lako hapo.

Mimi niko upande wa Jumapili, na nitakufundisha namna ya kuutetea.

Anzia Marekani, maana huko ubishi huu una mpaka ulio wazi. Katika mbio za NASCAR gari hukimbizwa kwanza peke yake kutafuta nafasi ya kuanzia, kisha huingizwa katikati ya wenzake kwa mamia ya kilomita. Daytona 500 ni mizunguko 200, karibu kilomita 800. Kwa miaka mingi mafundi walikuwa wakiziba kwa tepu matundu ya mbele yanayopitisha hewa kwenda kwenye rejeta siku ya kufuzu. Hewa ikikosa pa kuingilia hupita juu ya gari na kulikandamiza chini, nalo likapata kasi zaidi, huku injini ikizidi kupata moto. Kwa mzunguko mmoja au miwili inavumilika. Kwa mizunguko 200 injini imekufa. Mwenzako akikuambia gari lenye kasi ni lenye kasi, basi, mtajie tepu hiyo. Muulize: kasi ya muda gani?

Sasa mrudishe Afrika, na umrudishe mbali. Safari ilianza 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalikuwa yale yale ya kuuzwa dukani, na yalipangwa katika makundi kwa bei yake. Mwaka 1963 magari yaliyomaliza yalikuwa 7. Mwaka 1968, tena 7. Taja miaka hiyo miwili taratibu, mmoja mmoja. Halafu mlete Joginder Singh, fundi wa magari wa Kenya aliyeshinda 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Mtu aliyezoea kufungua gari kwa mikono yake anajua kipi kitavunjika kwanza.

Lakini usiwe mbishi wa kuziba masikio. Upande wa pili nao una hoja nzito, na ni heri uitaje wewe kabla hawajakupiga nayo. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Harry Källström, wote kwenye Datsun, walimaliza wakiwa na adhabu sawasawa. Ushindi alipewa Mehta kwa sababu alikuwa amekwenda mbali zaidi bila kupata adhabu yoyote. Yaani mwendo wake wa mwanzo ndio uliompa kombe, na huo ulikuwa wa kwanza kati ya ushindi wake 5. Mbishi hodari wa upande wa kasi ataongeza kwamba 2012 na 2013 mashindano ya dunia yalikuwa na kipande cha kufuzu kwenye njia za udongo, na aliyekuwa na kasi zaidi ndiye aliyechagua kwanza nafasi ya kuanza. Kwenye vumbi nafasi hiyo ni mali. Wa kwanza hufagia changarawe wenzake wakapata njia safi, lakini upepo ukilala na vumbi likaning'inia hewani, yeye peke yake ndiye anayeona mbele. Mkubalie. Mkubalie kwa moyo, kisha mkumbushe kwamba kufuzu huko kulifutwa, na Safari iliporudi kwenye mashindano ya dunia 2021, baada ya miaka 19, ilirudi bila hiyo.

Hapa ndipo mtu wa Kolwezi anapomzidi hata mbishi wa Nairobi, kwa hiyo usione haya kuitumia nguvu yako. Anayekaa Manika au Dilala hahitaji kuelezwa vumbi la mwezi wa saba. Anazijua lori zinazobeba kathodi za shaba kuelekea Likasi na Lubumbashi, mwendo wa kilomita 300 hivi, na anajua dereva wa wewa hulisubiri vumbi la lori litulie kabla hajapita. Mpeleke mpinzani wako kwa fundi wa lori, amwonyeshe shokamzoba iliyokufa. Ndani yake mna pistoni inayosukuma mafuta kupitia vitundu vidogo. Kila gari linapodunda, mafuta hayo hulipokea pigo na kuligeuza joto. Barabara mbaya ikiwa ndefu, mafuta huchemka, huwa mepesi, hutoa povu, na pistoni inabaki kupiga hewa. Tairi huanza kurukaruka badala ya kushika ardhi. Mwambie fundi aibonyeze kwa mkono: ile nzima hushuka taratibu, hii inaingia bwee. Hoja yako yote iko kwenye chuma hicho kilicholowa mafuta.

Kasarani, kilichokuwa kipande cha maonyesho cha Nairobi, hakikufika kilomita 5. Gari lililoshushwa chini na kukazwa springi lilipendeza pale, na picha zake zilikuwa nzuri kweli. Kedong na Sleeping Warrior, kule upande wa Naivasha, zimewahi kukimbiwa kwa zaidi ya kilomita 30 kila moja, kwenye mawe yaliyofichwa na vumbi laini kama unga. Anayetaka gari lililotengenezwa kwa Kasarani anataka shokamzoba ichemke mapema.

Adabu nayo ina nafasi yake. Ukibishana na mkubwa wako usimkatize, sema, "Yaya, nimekusikia, sasa nisikie na mimi." Usimpigie mzee kelele za matokeo uliyoyaona kwenye simu huku yeye akingoja marudio. Na kwa kuwa saa za Naivasha zinatangulia zetu kwa saa moja, fika nganda mapema, la sivyo utakuta kipande cha asubuhi kimeshakwisha na ubishi umeshapata wenyewe.

Kuna hoja mpya itakayokuja, jiandae nayo. Tangu 2022 hadi 2024 magari makubwa ya mashindano ya dunia yalibeba betri na mota ya umeme ya kilowati 100, na watu wa shaba tulikuwa na kila sababu ya kuyatazama kwa fahari. Mwaka 2025 mtambo huo uliondolewa, uzito wa chini ukashuka kutoka kilo 1,260 hadi 1,180. Watakuambia: gari limekuwa jepesi, sasa ni kukanyaga tu. Wajibu kwa Elfyn Evans. Safari ya mwaka huo huo aliishinda kwa zaidi ya dakika moja, na aliishinda kwa kulinda gari wakati wenzake wakivunja yao.

Mbishi aliyebanwa kabisa hukimbilia Hell's Gate, kipande cha mwisho cha Jumapili, ambacho humpa mwenye kasi zaidi pointi 5 za ziada. Atasema pale lazima uwe na gari kali la kipande kifupi. Usipandishe sauti. Mpe Jumapili ya 2021. Thierry Neuville aliamka akiongoza kwa karibu dakika nzima. Sébastien Ogier, ambaye Ijumaa alipoteza muda mwingi kwa shokamzoba mbovu, alikuwa nyuma akijikongoja kurudi. Katika kipande cha Loldia, cha kwanza asubuhi hiyo, shokamzoba ya nyuma ya gari la Neuville ilikufa. Ogier akachukua ushindi, Takamoto Katsuta akawa wa pili. Kipande kilichofuata Loldia kilikuwa Hell's Gate, na Neuville hakukikimbia.