Jinsi ya Kutangaza Jambo Lisisomeke

Hongera kwa kukabidhiwa tovuti ya ofisi. Wengi huianza kazi hii wakidhani tangazo huwekwa tovutini ili watu walisome. Usikurupuke. Tangazo huwekwa ili bosi akiuliza, ujibu "lipo". Fuata hatua hizi.

Kwanza, usichape maneno moja kwa moja kwenye ukurasa. Maandishi ya kawaida ya HTML ni mepesi mno: hufunguka hata kwenye simu ya bei poa yenye bando la kuungaunga, na msomaji huyakuza apendavyo. Huo ni uzembe. Liandike tangazo kwenye kompyuta, lichapishe, ligongwe mhuri, kisha uliskani likiwa limelala upande kidogo. Sasa ni picha ya maandishi: halitafutiki, halinakiliki, na lina MB 9. Jihadhari na mdadisi atakayeuliza kwa nini barua iliyozaliwa ndani ya kompyuta ilitolewa matembezini kwenye karatasi.

Pili, fomu ya kujaza iweke katika aina ya faili inayofunguka kwa programu moja tu, ya kulipia, toleo lile lile lililo mezani kwako. ODF, aina ya faili iliyo wazi kwa wote, ni kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2006, na programu ya LibreOffice inayoifungua hupakuliwa bila malipo. Sasa kitu cha bure nani atakiheshimu? PDF nayo ni kiwango cha ISO tangu 2008, lakini usiwe na hofu: ukishaijaza picha ya skana, uwazi wake haumfai mtu. Tahadhari: siku leseni ya ofisi itakapokwisha, wa kwanza kushindwa kuifungua fomu yako ni wewe.

Tatu, picha usizipe maelezo. Wasioona hutumia programu inayowasomea skrini kwa sauti, na mojawapo, NVDA, hutolewa bure. Ikikuta picha, hutafuta maneno mafupi uliyoandika nyuma yake. Picha ikiwa ni ya kubonyeza na nyuma yake hamna kitu, mara nyingi itasoma jina la faili. Basi tangazo lako la kazi, lenye mstari unaowahimiza watu wenye ulemavu waombe, litasikika hivi: "skani sifuri sifuri arobaini na saba mwisho mwisho kabisa". Usicheke, jina hilo ulilitunga mwenyewe.

Nne, ukurasa uandike kwa Kiswahili, ila kule kwenye msimbo ziache herufi "en", alama ya Kiingereza, zilizokuja na kiolezo. Ukizibadilisha kuwa "sw", programu yenye sauti ya Kiswahili itaitumia, na msikilizaji ataelewa mara moja. Ukiziacha, atasomewa "wanaohusika wafike mapema" kwa lafudhi ya Mwingereza aliyeshuka melini asubuhi hii. Ni herufi mbili tu, ndiyo maana hakuna mwenye muda nazo.

Tano, rangi. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kurasa zinazofikiwa na wote, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Wewe weka kijivu hafifu juu ya nyeupe, kinapendeza. Sehemu za lazima zitie nyekundu, za hiari kijani, bila neno lolote la kuzitambulisha, ili asiyetofautisha rangi hizo abahatishe. Viungo vyote viite "bonyeza hapa", hata vikiwa saba. Angalizo: umri hausahau mtu, na miwani ya kusomea inakusubiri wewe pia.

Mwisho, jiandae kushindwa. Kabla ya saa sita mchana, mtu wa masjala, aliyechoshwa na simu za "mbona halifunguki", atayachapa upya maneno yote na kuyatupia kwenye kundi la WhatsApp: mistari kumi na miwili, bila nembo wala mhuri. Mji mzima utalisoma, na asiyeona atasomewa na simu yake mwenyewe. Kisha watakupigia wewe, mwenye tovuti, kuuliza kama ni la kweli. Wajibu kwa upole: tangazo rasmi liko tovutini.