Muda Umekwisha, Muda wa Nani?

Aliyebuni menyu ya pesa kwenye simu hajawahi kuvaa miwani. Simjui, lakini kiapo nakula. Unabonyeza nyota, namba, nyota, namba, reli, orodha inafunguka. Natoa miwani mfukoni, naifuta, nasoma ya kwanza, ya pili. Nikifika ya tano naambiwa muda umekwisha. Muda wa nani? Mimi mstaafu, muda ndio mali pekee niliyobaki nayo!

Na huku Newala simu si anasa. Tangu stakabadhi ghalani ianze msimu wa 2007/2008, korosho tunapeleka chama cha msingi, zinapigwa mnada, hela inapitia benki. Mzee asiyejua hata kuzima tochi ya simu anatakiwa afuatilie salio. Mzani wa zamani pale chamani ulikuwa na uso mpana kama sinia na mshale mnene. Hata mwenye mtoto wa jicho aliuona ukidanganya.

Halafu vidole. Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa, nilimsindikiza mke wangu kwa wakala. Huyu amebangua korosho tangu usichana wake, na mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi. Vidole vyake havina mstari hata mmoja. Kimashine kikawaka, kikagoma.

"Bibi, jaribu kingine."

Kikagoma.

"Bibi, hebu kipitishe kwenye nywele kidogo."

"Mjukuu wangu," akamjibu, "mwenyewe nimekuja, mzima, umeniona. Kidole cha nini tena?"

Kijana akamtazama, akaitazama mashine, akaiamini mashine.

Wajapani wana simu zao za wazee, Raku-Raku: vitufe vikubwa, na hata sauti ya anayekupigia inaweza kupunguzwa kasi. Hicho ndicho ningekiomba kwanza, maana wanangu wa Dar huongea kama wanafukuzwa na salio lao.

Mjukuu wangu akaona anisaidie, akakuza maandishi. Yakakua kweli, mpaka kitufe cha "Kubali" kikatoka nje ya kioo. Ujumbe wa malipo ya korosho uliponikuta kwenye basi la Masasi, jamaa wa kiti cha nyuma aliusoma kabla sijaipata miwani. Hatujamaliza hata mteremko, ananigusa bega: "Shikamoo mzee. Samahani, nina shida kidogo ya ada."