Altezza na Makopo Yake

Kijana wa Nguvumali, Tanga, akishajipatia Toyota Altezza, gari lililoacha kutengenezwa 2005, ghafla anakuwa mtaalamu wa oili. Ya kupima hataki hata kuisikia. Anataka sinthetiki, kopo lenye picha ya gari la mashindano, namba 0W-20, kwani kaambiwa ndiyo ya kisasa. Ile namba ya mbele ni habari ya injini kuwaka penye baridi. Tanga hii, ambako feni haizimwi hata Julai, anajikinga na barafu ya nani? Jirani yake naye kamimina 20W-50, nzito kama uji, eti injini imechoka. VVT-i inasukumwa na oili hiyohiyo ikipita kwenye vijinjia vyembamba. Anadhani itapita vipi? Kitabu cha gari kipo, cha Kijapani, kimefukiwa na karatasi za faini.

Giaboksi ndiyo yatima. Ikiwa ya klachi, inapewa GL-5 yoyote, maana tano si kubwa kuliko nne ya GL-4? Kumbe baadhi ya dawa zilizomo hula shaba ya sinkronaiza, na gia ya pili ikianza kulia analaumiwa fundi. Ikiwa otomatiki, inanyweshwa "haidroliki" ya kopo lolote, nyekundu ni nyekundu tu, ingawa Toyota walitaja Type T-IV.

Na mashindano yenyewe? Raskazone na kurudi, Jumapili jioni, mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa, mbele yake baiskeli ya madafu isiyotaka kupisha.