Namna ya Kuomba Kumbukumbu za Polisi Ukiwa Mwamkulu na Ukabaki Raia Mwema

Mkazi wa Mwamkulu anayetaka kujua polisi wameandika nini kuhusu jambo lililomkuta ana bahati kubwa, maana sheria iko upande wake. Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inazungumzia haki yake ya kupewa taarifa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamweleza aombe vipi, amwombe nani na asubiri siku ngapi. Limebaki jambo dogo tu, nalo ni kuipata taarifa yenyewe. Mwongozo huu umeandaliwa kwa ajili ya jambo hilo dogo.

Kwanza usijilinganishe na wenye masherifu. Kule Marekani kaunti nyingi zina sherifu anayepigiwa kura, na katika kaunti nyingi orodha ya waliokamatwa jana usiku inakuwa mtandaoni leo asubuhi, majina, makosa na picha za watu wenye nywele timutimu. Mtu anakunywa chai huku akisoma kosa la jirani yake. Sisi tuna Jeshi la Polisi moja kwa nchi nzima, na ngazi zake unazijua: mkaguzi wa kata, mkuu wa kituo, OCD yaani mkuu wa polisi wa wilaya, kisha Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Katavi pale Mpanda. Hakuna hata mmoja wao anayehitaji kura yako. Usiende na sura ya mpiga kura.

Vifaa vinavyohitajika

Kitambulisho cha NIDA, au namba yake kama kadi bado iko njiani. Haki hii ni ya raia, na uraia wako utakumbukwa zaidi siku utakayoomba kitu.

Barua ya utambulisho ya mwenyekiti wako, yenye muhuri unaosomeka.

Barua yako ya maombi, nakala mbili. Moja ya kwao, nyingine ya kugongwa muhuri wa kupokelewa. Hii ya pili ndiyo mali.

Kalamu yako mwenyewe.

Nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi, mara kadhaa. Usipige hesabu ya jumla, utakata tamaa kabla ya kuanza.

Hatua ya 1: Jua unachokitafuta

Tuseme ng'ombe wameingia kwenye majaruba yako usiku. Kulipokucha mpunga umelala chini, mfugaji anasema ng'ombe si wake, na kijana wako aliyekwenda kuwaswaga amerudi na jeraha kichwani. Ukaripoti. Kuanzia hapo jambo lako limegawanyika vipande, na kila kipande kina karatasi yake.

Kuna RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo, uliyoandikiwa kwenye kikaratasi cha ukubwa wa tiketi ya basi. Kuna PF3, fomu inayotoka polisi, inajazwa na daktari, kisha inarudi kuwa ushahidi wa jeraha. Kuna maelezo yako uliyoandikwa na kutia saini. Kuna jalada la kesi, lililo mikononi mwa mpelelezi. Na kwa mpunga wenyewe, kuna tathmini ya afisa kilimo, ambayo haiko polisi mpaka wewe uipeleke.

Ukienda kusema "nataka habari za kesi yangu," utapewa habari, tena nyingi: gari halina mafuta, mpelelezi yuko masomoni, mkubwa yuko kikaoni. Ukienda kusema "naomba nakala ya maelezo yangu niliyoandika tarehe fulani, RB namba fulani," umemnyima afande nafasi ya kusimulia.

Kile kikaratasi cha RB kitunze kuliko hati ya shamba. Kipige picha. Mwambie mkeo au mumeo kilipo. Mwananchi aliyepoteza namba ya RB yuko katika hali ya ajabu: tukio lake lilitokea, kijiji kizima kiliona, ng'ombe wenyewe wanakumbuka, lakini kwenye kitabu inabidi litafutwe ukurasa kwa ukurasa, na mtafutaji yuko zamu peke yake.

Hatua ya 2: Fika vizuri

Usiende Ijumaa mchana. Mambo yanayoanza Ijumaa mchana humalizika Jumatatu. Vaa kwa heshima, lakini usizidishe. Shati lililopigwa pasi sana linaashiria mwandishi wa habari au mwanasheria, na wote wawili huelekezwa kwa mkubwa ambaye hayupo.

Salamu ni "shikamoo afande" hata kama afande ni rika la mjukuu wako. Kisha kaa kwenye benchi. Juu ya ukuta pengine kuna tangazo kwamba dhamana ni bure na huduma za kituo hazilipiwi. Lisome polepole, mara nyingi uwezavyo. Muda upo.

Hatua ya 3: Jiandae kwa swali la "ya nini?"

Ndilo swali la kwanza. Wewe unatafuta taarifa, na kituo nacho kinatafuta taarifa kuhusu kwa nini unatafuta taarifa. Katika mashindano haya wao wana uzoefu wa miaka mingi.

Yapo majibu mabaya. "Ni haki yangu" ni kweli tupu, lakini huongeza kikao kwa saa mbili. "Nataka kujua tu" ni baya kuliko yote, kwa sababu anayetaka kujua tu lazima ametumwa. Jibu salama ni lenye karatasi ndani yake: "Baraza limeniagiza," "hospitali wanaihitaji," "mahakama imetaka." Mwananchi akitaka taarifa huwa anashukiwa, ila karatasi ikitaka karatasi nyingine, hilo ni jambo la kawaida la ofisi.

Unaweza pia kuambiwa kwamba taarifa hiyo ni faragha ya mtu, halafu ukagundua mtu mwenyewe ni wewe. Hapo ikumbuke kwa upole Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Inampa mtu haki ya kujua taarifa zipi zake zimeshikiliwa na nani, ingawa imeviachia vyombo vya dola milango yao ya kutokea.

Hatua ya 4: Andika barua

Maneno ya mdomo huondoka na aliyekuwa zamu. Barua yenye muhuri hubaki. Sheria ya mwaka 2016 haitaki mashairi. Inataka jina lako, anwani yako, na maelezo ya kutosha kuifanya taarifa unayoiomba itambulike. Asiyejua kusoma na kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia kuandika, anaweza kuomba kwa mdomo, na afisa ndiye mwenye wajibu wa kumwandikia. Kipengele hiki kitaje kwa sauti ya chini. Kuna maafisa watakaokisikia kwako kwa mara ya kwanza, na hakuna anayependa kufundishwa kazi mbele ya watu wa benchi zima.

Siku za kujibiwa ni 30. Kenya, kwa sheria yao ya mwaka huohuo wa 2016, wamejipa siku 21, na maombi yakigusa uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Uganda wana siku 21 tangu mwaka 2005. Sisi tumejiongezea siku tisa, bila shaka ili afisa apate nafasi ya kulifikiria jibu kwa kina. Zihesabu tangu tarehe ya muhuri, si tangu siku ulipoanza kukasirika.

Hatua ya 5: Pokea jibu la "upelelezi unaendelea"

Hapa ndipo waombaji wengi hufia njiani, kwa hiyo tukae kidogo.

Sheria yenyewe imetaja taarifa zinazoweza kuzuiwa, zikiwemo zinazohusu usalama wa taifa, zinazoingilia faragha ya mtu bila sababu, na zile zinazoweza kuharibu upelelezi. Sababu hizi zina maana. Hakuna anayetaka mwizi wa pampu ya maji asome kwenye jalada kwamba kesho saa kumi alfajiri watamfuata kwake. Hakuna anayetaka jina la mtoa siri lizagae kijiweni. Na afisa anayetoa taarifa iliyozuiwa anakabiliwa na kifungo cha miaka 3 hadi 5. Afande anayekataa kukupa nakala, kwa hiyo, si lazima awe mtu mbaya. Amepiga hesabu tu: sheria inamtisha kwa jela akitoa kisichotolewa, na kwa kukalia kinachotolewa anajua hakuna atakayemfuata nyumbani. Ungekuwa wewe ungechagua kipi?

Tatizo ni kwamba upelelezi nao una tabia ya mto Katuma wakati wa masika: ukishaanza kusambaa, hujui tena ukingo uko wapi. Upelelezi wa ng'ombe walioingia kwenye mpunga unaweza kuendelea mpaka ng'ombe wenyewe wamezeeka, wameuzwa mnadani na kuliwa. Kwa hiyo usiulize kama upelelezi unaendelea. Omba vitu ambavyo upelelezi hauwezi kuvidhuru: namba ya RB, tarehe, kosa lililoandikwa, jina la mpelelezi, jalada liko ngazi gani. Na kama wewe ndiye mshtakiwa, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaitaka mahakama ihakikishe unapewa nakala ya maelezo ya mlalamikaji atakayekuwa shahidi dhidi yako. Hili liombe mahakamani, mbele ya hakimu, siku ya kesi. Hapo mafuta ya gari hayahusiki.

Hatua ya 6: Kama unamtafuta mtu

Orodha ya waliokamatwa ipo. Kila aliyeingia mahabusu ameandikwa, pamoja na mkanda wake, simu yake na fedha zake. Kuisoma orodha hiyo ndiyo kazi.

Njia ya kisheria ni kuuliza. Aliyekamatwa anatakiwa kuambiwa kosa lake, na kwa kawaida afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa kwamba saa 24 za Ijumaa jioni hurefuka kwa namna ambayo wanasayansi hawajaieleza.

Njia ya wazee ni kubeba chakula. Funga wali vizuri, weka maji, nenda kaunta, sema jina la mtu wako na kwamba umemletea chakula. Chakula kikipokelewa, yumo. Kikirudishwa, jaribu kituo kingine kabla hakijapoa. Hakuna mfumo wa kumbukumbu uliowahi kutoa majibu kwa haraka namna hii, wala hauhitaji intaneti.

Hatua ya 7: Subiri waseme wenyewe

Usidhani polisi wanapenda siri. Kamanda wa mkoa, mkoa wowote, akiita waandishi wa habari, utasikia jina la mtuhumiwa, umri, mtaa anaokaa na kazi anayofanya, na kwenye meza mbele yake utaona mapanga, pikipiki na magunia ya bangi. Mtuhumiwa bado hajafika kwa hakimu, lakini shangazi yake aliyeko Tabora keshamwona kwenye simu. Siku hiyohiyo mama mzazi yuko kwenye benchi, anaambiwa suala la mwanawe haliwezi kuzungumzwa kwa sasa.

Ni zilezile taarifa, kutoka kitabu kilekile. Zikitoka kwao kuja kwetu zina spika na kamera. Sisi tukizifuata, zinageuka nyeti.

Wasioweza kusubiri kamera waruke polisi waende mahakamani. Kesi kwa kawaida husikilizwa hadharani, na hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII, zikiwemo za rufaa zilizotoka Mpanda na kusikilizwa Sumbawanga. Kijana mwenye simu na bando anaweza kusoma, akiwa amekaa juu ya tuta la jaruba, neno kwa neno, jinsi mtu alivyofungwa na jinsi alivyoshinda rufaa miaka iliyopita. Akitaka kujua RB ya wiki jana imefikia wapi, hapo arudi hatua ya 2.

Hatua ya 8: Kata rufaa bila kukunja sura

Siku 30 zikipita kimya, au ukikataliwa, unayo nafasi ya kumwomba mkuu wa taasisi aupitie upya uamuzi, na baada ya hapo zipo ngazi nyingine juu yake. Ipo pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Malalamiko si jambo geni serikalini: mwaka 2023 Rais Samia aliunda tume ya kuangalia haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na wananchi waliosikilizwa hawakukosa la kusema kuhusu polisi.

Faida ya rufaa si lazima iwe ushindi. Kila barua iliyogongwa muhuri ni karatasi ambayo mtu fulani atatakiwa kuieleza kwa mkubwa wake. Barua moja kutoka Mwamkulu inaweza kuwekwa chini ya kitabu. Zikiwa 40, kutoka Mwamkulu, Kakese na Kasokola, zote zikihesabu siku 30 kwa pamoja, itabidi ifunguliwe faili ya maombi, na faili ikishafunguliwa lazima iwe na mtu wa kuijibia. Ofisi zetu hubadilika hivyo, kwa uzito wa karatasi.

Na ikitokea umejibiwa ndani ya muda, ukapewa nakala safi yenye muhuri, bila kuombwa ya maji, ipokee kwa mikono miwili, shukuru, toka taratibu. Usipige vigelegele pale kaunta. Utafunguliwa RB.