Ladha ya Kisiwa

Saint-Martin ni kisiwa cha kilomita za mraba 87 hivi tu, lakini Ufaransa na Uholanzi waligawana hata hicho mwaka 1648. Waholanzi walikipendea chumvi. Leo chumvi ndiyo kitu pekee mezani usichotozwa.

Upande wa Kifaransa kuna kijiji cha Grand Case, ambacho kwa wingi wa mikahawa kimevikwa taji la makao makuu ya ulaji katika Karibi. Haya, tukae. Mhudumu anainama na kukutajia vyakula kwa sauti ya siri: ini la bata aliyenoneshwa, jibini kutoka Ufaransa, samaki salmoni. Salmoni! Bahari iko hapo chini ya ukumbi, mwari wanapiga mbizi na kuibuka midomo imejaa, nawe unaletewa samaki wa bahari za baridi aliyekuja kwa ndege kama wewe. Mgeni kutoka Paris anaonja, anafumba macho: lo, kama nyumbani kabisa! Nauli yote ile, jamani.

Mtaa huohuo, karibu na maji, kuna lolo. Ni vibanda vinavyochoma mbavu, kuku na kambakoche juu ya makaa, pamoja na johnny cake, kinyunya cha kukaangwa kisichohitaji mhudumu wa kukifafanua. Humo ndimo utakapomkuta muungwana wetu kesho mchana, benchini, viganja vinameremeta mafuta. Usimsalimie kwa sauti. Akirudi kwao atasimulia ini la bata.